Vipunje vya Cocculus na roho yangu inayochafuka safarini

Tangu utotoni, gari likianza kukata kona, mate hunijaa mdomoni na roho ikaanza kuchafuka. Ndugu zangu waligombania kiti cha dirishani. Mimi nilipewa bila ugomvi, pamoja na mfuko wa plastiki.

Ukubwani, mwenzangu kazini alinipa kichupa cha vipunje vyeupe. "Weka vitano chini ya ulimi, usivishike kwa vidole, kahawa uache kwanza. Kisha kaa mbele, utulie." Kichupa kiliandikwa Cocculus indicus 30C.

Mimi ni mdadisi, nikafuatilia. Mmea wenyewe ni Anamirta cocculus, mtambaazi wa India na Asia ya Kusini Mashariki. Mbegu zake zina pikrotoksini, sumu ambayo watu wameitumia kulevya samaki wapate kuwavua kwa urahisi. Nilishtuka kidogo! Lakini hiyo ndiyo hoja yenyewe ya homeopathia, tiba aliyoiasisi daktari Mjerumani Samuel Hahnemann mnamo 1796: kinachomlevya mzima, kikizimuliwa sana, kimtibu anayelewa. Na kuzimuliwa kwenyewe si mchezo. 30C maana yake ni kuchanganya sehemu moja na 99 za maji au spiriti, kisha kurudia hivyo mara 30. Ukipita mara ya 12 hivi, hutarajii kukuta hata molekuli moja ya ule mmea. Basi hofu ya sumu ikaniisha, ila na imani nayo ikalegea.

Hata hivyo nilivitumia, na safari mbili nilifika bila kutapika. Nikaanza kuwasimulia watu, tena kwa mbwembwe.

Safari ya tatu ilinitia adabu. Nilimumunya vipunje vyangu kama kawaida, nikakaa kiti cha nyuma kwa kujiamini, nikafungua simu nisome. Hata nusu saa haikupita, nikaomba gari lisimame.

Nikiwa nimeinama kando ya barabara ndipo nilipoukumbuka ule ushauri mzima. Safari zile mbili nilikuwa nimekaa mbele, macho yakitazama mbali kule barabara inakoishia, dirisha wazi, sisomi chochote. Kichefuchefu cha safari hutokea sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho, yaliyokaziwa ukurasa au simu, yakisema tumetulia. Nilikuwa nimevisifu vipunje kwa kazi iliyofanywa na kiti.

Siku hizi nafuata kiti cha mbele, na kwenye chombo cha majini nakaa katikati, kusikoyumba sana, nikitazama upeo. Safari ikiwa ndefu na mawimbi yapo, nameza dimenhidrineti, dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari, kama saa moja kabla. Hiyo hunisaidia kweli, ila inaleta usingizi, kwa hiyo sigusi usukani.

Mwaka mmoja baadaye nikapatwa na kizunguzungu kingine, cha kitandani. Nikigeukia kulia, chumba kizima kinazunguka kwa sekunde chache, kisha kinatulia. Nilirudia vipunje wiki nzima (ndiyo, hata baada ya yote hayo, mtu akibanwa hushika chochote). Hakuna kitu. Daktari wa masikio alinilaza ghafla kichwa kikining'inia, akayatazama macho yangu yakichezacheza, akasema vichembe vya chokaa vimehama mahali pake ndani ya sikio. Akanigeuza kichwa hatua kwa hatua, njia iitwayo Epley, na usiku ule nikalala ubavu wa kulia. Alinionya pia: kizunguzungu kikija na ganzi ya upande mmoja, ulimi mzito au kuona vitu viwiliviwili, nikimbilie hospitali palepale.

Mwenzangu bado huniuliza kama vile vipunje vinanifaa. Humjibu kwamba maneno aliyonipa navyo yamenifaa mno, naye hucheka, anadhani namtania.