Ijumaa nimenunua, Jumapili imenifia Kinyasini

Hii gari, Toyota IST, nimeichukua yadi moja ya magari hapa mjini milioni 9 na laki 5. Fundi wangu alikuwa Pemba, kwa hiyo mie ndo nikajifanya fundi, nikafungua boneti, nikasikiliza mlio, nikapiga piga mateke tairi basi, khalas. Muuzaji kanitumia na voisi Wasapu kabisa: "injini safi hii, haijafunguliwa tangu itoke Japani".

Jumapili nampeleka mama harusini Nungwi, kufika Kinyasini gari inachemsha, moshi mweupe nyuma, mama anasoma dua na mie naomba maji nyumba za watu.

Fundi kufungua, gasketi ya silinda hedi imeungua, oili imeingia maji ishakuwa chai ya maziwa, na ndani ya rejeta mna ile dawa ya kuzibia uvujaji. Yaani mtu alikuwa anajua! Bili laki 8.

Narudi yadi naambiwa si ulilitazama mwenyewe bwana, na risiti soma hapo chini, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaondoka kama nimemwagiwa maji.

Binamu yangu, yuko ofisi ya wakili, ndo akanifungua macho. Kasema kule kulitazama kunakubana kwa kile ambacho ungekiona, tairi kipara, mlango uliobonyea, sio kilichofichwa ndani ya injini, tena huyo kuuza magari ndo biashara yake, ungenunua kwa jirani ingekuwa shughuli nyingine. Na huku Zanzibar tuna sheria yetu ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, namba 5 ya 2018, na Tume yake, usiende kuhangaika na FCC, tume ya ushindani ya bara, haituhusu.

Nikarudi na gasketi mbovu kwenye mfuko wa rambo, picha za fundi, na ile voisi nikaipiga kwa sauti wateja wamejaa. Muuzaji akaanza eti fundi wako ndo kaharibu. Hapo nilikosea kweli, ningemwita aje aone kabla haijafunguliwa. Nikamwambia haya, tukutane Tume.

Akatoa laki 5 palepale. Nimezipokea, binamu kanuna anasema ningedai zote, lakini mie nilikuwa nna gari juu ya mawe wiki ya pili.

Mama skuizi Nungwi anakwenda na daladala, IST hataki hata kuiona.