Nimelia kwenye daladala, kisa sarafu ya 200

Jamani, leo nimejiaibisha.

Wiki ya tatu hii nalala saa nane usiku, simu mkononi, halafu saa kumi na moja niko kituoni Mbagala nagombania gari. Nilijua ni uchovu tu.

Leo konda kachelewesha chenji yangu. Nikamfokea mpaka abiria wa mbele wakageuka. Mimi, ambaye hata mbuzi simfokei!

Hakunijibu. Alitoa ile sarafu, akaifuta kwenye fulana yake, akaniwekea kiganjani taratibu kama anampa mtoto.

"Dada yangu, wewe hujalala."

Basi. Machozi yakaanza kutoka, na sikuweza kuyazuia mpaka Kariakoo.

Jioni nikapita zahanati. Nilijiandaa kueleza wasiwasi wangu na moyo unavyokwenda mbio, lakini daktari kaanza na swali moja: unalala saa ngapi? Kasema mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Ukikosa usingizi, hasira na hofu zinakuwa karibu mno, kisha hofu hiyohiyo inakunyima usingizi usiku unaofuata. Na chai yangu ya rangi ya saa tatu usiku? Nayo imepigwa marufuku (hapa ndipo nilipoumia kweli).

Leo simu inalala jikoni, juu ya friji.

Nyie wenzangu mnalala saa ngapi? Semeni ukweli. Na yule konda nitampataje nimuombe radhi? Sikumbuki hata rangi ya gari.