Maua ya Jana

Jai Shri Krishna, ndugu wapendwa katika satsang, mkusanyiko wetu wa ibada.

Kila asubuhi, kabla sijawasha taa ya samli na kumtolea Bwana maua mapya, mkono wangu hugusa kwanza maua ya jana. Asumini zimegeuka rangi ya kahawia, waridi limenyauka, mchele uliopakwa manjano umegandamana na sahani ya shaba, na jivu la ubani wa vijiti limeanguka juu ya vyote. Ni dakika chache tu, nasi wengi huzipitia kwa haraka kama mtu anayefagia ua wageni wakiwa wamekwisha kubisha hodi. Wiki hii naomba tukae katika dakika hizo.

Mapokeo yetu ya Kihindu hutenganisha vitu viwili ambavyo nyumbani huchanganyika kwa urahisi. Chakula tunachomwekea Mungu, yaani naivedya, kikiondolewa mbele yake huwa prasadi, nacho hurudi kwetu kama neema ya kuliwa na kugawiwa majirani. Maua, majani na mashada yaliyokwisha kumpamba huitwa nirmalya, na hayo hatuyatoi mara ya pili, hatuyakanyagi, wala hatuyatii pamoja na maganda ya viazi. Tulasi, mrihani wetu mtakatifu, ina cheo chake, kwa kuwa wengi hushika kwamba majani yake yakioshwa yanaweza kutolewa tena pale mengine yanapokosekana. Na ziko familia ambazo hazili kilichowekwa juu ya lingamu, ile nguzo ya jiwe iliyo alama ya mungu Shiva. Asiye na hakika na amuulize mzee wa nyumba yake, asinisikilize mimi.

Gita, kitabu chetu kitakatifu, katika sura ya 3, aya ya 13, inasema kwamba wema hula kilichobaki baada ya sadaka, na kwamba wanaopika kwa ajili ya nafsi zao peke yao hula dhambi. Kwa hiyo prasadi iliyochacha jikoni hunisumbua kuliko maua yaliyonyauka. Ua limefanya kazi yake. Chakula kile kilipikwa kingi kupita midomo iliyokuwapo, na hakuna aliyetumwa kupeleka sahani kwa jirani.

Panchamrita nayo, kinywaji cha sadaka, ni maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, na katika joto la Mombasa haifiki adhuhuri bila kuharibika. Tunaipokea katika kiganja cha mkono wa kulia, tunaionja, kisha tunapitisha mkono kichwani. Inayosalia wengine humimina kwenye karo, ikakutane na maji ya vyombo. Mimi huizimua kwa maji mengi na kuimwaga shinani mwa mwembe. Siimwagi kwenye chungu cha tulasi, hata kama nia ni njema, kwa sababu sukari huita sisimizi. Tulasi nauwekea maji ya kalasha, chombo cha ibada cha maji kinachofunikwa kwa nazi, yaliyobaki baada ya kunyunyiziwa vyumba, na nazi ya kalasha tunaivunja na kuila.

Sasa nikiri jambo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba maji yapitayo hutakasa kila kitu, hivyo nilikuwa nikifunga nirmalya katika mfuko wa nailoni na kuutupa baharini maji yakijaa. Siku moja, maji yalipokupwa, niliukuta mfuko wangu umenasa kwenye mizizi ya mikoko, fundo likiwa bado limekaza, na ndani yake maua ya Bwana yameoza kwa uvundo. Ilikuwa kabla ya Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini kosa halikuwa la mfuko peke yake. Nilitaka vitu vile vitoke machoni pangu, na tamaa hiyo nikaiita heshima. Wenzetu wa India wanaujua uzito huu: kule Pune huwekwa vyombo maalumu kando ya mto vya kupokelea nirmalya, na huko Kanpur, ukingoni mwa mto Ganga, maua ya mahekalu hukusanywa na kutengenezwa ubani.

Hata hivyo, siku hizi naona kwamba jambo hili huamuliwa sokoni, kabla hata ya ibada kuanza. Katika Gita, sura ya 9, aya ya 26, Krishna anasema kwamba hupokea jani, ua, tunda au maji yakitolewa kwa upendo. Hakutaja kikapu. Tangu nilipoanza kutoa maua matano badala ya kilo nzima, chungu kimoja cha udongo kwenye baraza kinanitosha: nayakausha maua kivulini, nayafukia humo, na udongo wake huulisha mwasumini ule ule ninaouchuma.

Shada la Diwali, sikukuu yetu ya taa, bado lilikuja limetungwa kwa uzi wa nailoni. Nilikaa sakafuni nikachomoa ua moja moja, nikayatia chunguni, kisha uzi nikautupa kwenye pipa la taka bila kusita, maana uzi haukuwa sadaka.