Daktari wa upasuaji asipelekwe vitani kabla hajaandaliwa

Jamani hili suala linaniuma kwa kweli. Siku hizi daktari wa upasuaji anasomea hospitali kubwa, nyongo anaitoa kwa kamera na vitundu vidogo, mifupa ina bingwa wake, uzazi una bingwa wake, halafu anapelekwa kambi ya wakimbizi au karibu na mapigano na huko mabingwa wote hao ni yeye peke yake.

Tume ya Lancet, lile jarida la kitabibu, mwaka 2015 ilitaja operesheni 3 za msingi kwa hospitali ya wilaya: kufungua tumbo, kumtoa mtoto kwa upasuaji, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Wangapi wameshazifanya zote kwa mikono yao?

Chukua jeraha la risasi. Ukilishona siku hiyohiyo eti linaonekana safi, unafungia uchafu ndani na linaoza. Inabidi ukate nyama yote iliyokufa, ile ambayo ukiibana haishtuki na ukiikata haitoi damu, uoshe kwa maji mengi, uliache wazi chini ya bandeji, ndo ulifunge siku ya 4 au 5 hivi. Hiyo huipati kwenye slaidi, lazima uifanye ukisimamiwa na mtu aliyezoea.

Halafu kuna kuamua nani aingie theta kwanza wakati damu imebaki chupa chache, na hilo pia lifundishwe. Mimi naona wodi ya uzazi na ya mifupa ziwe lazima kabla mtu hajapanda ndege.