Mlenda na Bangladeshi

Januari 2022 nilikuwa likizo nyumbani kwetu Kikuyu, Dodoma, na bando langu lote lilikuwa linaishia kwa baba. Alifundisha jiografia miaka mingi, na kustaafu hakukumponya ugonjwa wa kuuliza. Mpelekee chai, atataka kujua majani yametoka wilaya gani.

Nikamwonyesha vipande vya Jeopardy!, shindano la maswali la Marekani, ambako unapewa jibu kisha wewe unatunga swali lake. Aliyekuwa anashinda mfululizo ni Amy Schneider wa Oakland, mtu wa programu za kompyuta, mkufu wa lulu shingoni, sauti isiyo na papara. Baba alimpenda siku ileile. Nilipomwambia kwamba Amy akiwa darasa la nane kule Dayton, Ohio, wenzake walimpigia kura kuwa ndiye angekuja kutokea kwenye shindano hilo, baba akacheka. "Huyo alikuwa anawasumbua walimu." Kinywani mwake hiyo ni sifa.

Siku ya tatu nikamweleza na lile lingine: Amy alilelewa kama mvulana, akaja kujitambua na kuishi kama mwanamke akiwa mtu mzima. Baba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Hakusema neno.

Ila hakuacha kumtazama. Kilichobadilika ni kwamba hakumwita tena dada, wala hakumwita bwana. "Mshindi wetu kafika wapi?" "Mtu huyu mito anaijua!" Yeye, yule, huyu. Kiswahili kilimpa mwanya. Kiingereza, ambacho baba anakimudu vizuri tu, kingemkaba siku ya kwanza. Nami sikumsukuma. Mzee wa Kigogo wa umri wake ukimsukuma anakaa chini.

Alhamisi ya tarehe 27, mvua inanyesha, umeme umekatika, tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Mchezo wa Amy uliorushwa jana yake ulifika swali la mwisho: nchi pekee ambayo jina lake kwa Kiingereza linaishia na herufi H, tena ni miongoni mwa 10 zenye watu wengi zaidi duniani. Sekunde 30.

Baba alikuwa ameshachovya. Tonge likaganda hewani, mlenda ukavutika kama uzi kutoka vidoleni hadi bakulini, ukarefuka, haukatiki.

"Bangladeshi!" akapiga kelele. "Dhaka! Juti! Nimeifundisha pamoja na katani!"

Amy hakuwa na jibu. Alikuwa na 27,600, akabaki na 19,600. Mtunza maktaba wa Chicago akaandika Bangladeshi, akampita. Tonge likaanguka kwenye mkeka.

"Mama huyu!" Baba alikuwa ameshika kichwa kwa ule mkono wenye mlenda. "Mama huyu kashinda michezo 40, kachukua dola zaidi ya milioni 1.3, halafu Bangladeshi inampita hivihivi?"

Sidhani kama alijisikia alichosema. Mimi nilisikia mara zote mbili.

Akanigeukia. Nami huniita hivyohivyo, tangu utotoni.

"Mama, hebu rudisha nyuma. Labda zile taa zilimchanganya."

Nikarudisha. Bando likakatika hapohapo.