Siku moja kwenye kituo cha vifaranga vya sato, Mwanza

Saa 10 na nusu alfajiri umeme ulikatika, na kwetu umeme ukikatika hakuna anayelala. Vifaranga waliojaa kwenye matangi ya zege wanategemea pampu ya hewa. Ikinyamaza kwa muda wanapanda wote juu na kuhema midomo wazi usawa wa maji, na mwenye tochi anaona tangi zima likichemka. Mlinzi alikuwa ameshawasha jenereta nilipofika. Nilipita tangi kwa tangi, nikaokota waliokufa, wachache, nikashukuru Mungu.

Kituo chetu kiko ufukweni, nje kidogo ya jiji. Tunazalisha vifaranga vya sato kwa wenye mabwawa na wenye vizimba ziwani. Nikitaja kazi hii watu husema, "Kumbe unauza samaki." Ndiyo, ila samaki ninayemuuza mimi ni mdogo kuliko ukucha, anasafiri mamia ya kilomita ndani ya mfuko wa nailoni, na anatakiwa ashuke mzima.

Saa 12: kusafisha vichujio, kulisha mara ya kwanza, chai ya rangi na kiporo cha viazi.

Saa 1 tunaingia majini. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Sato jike hubeba mayai mdomoni, kwa hiyo lazima umfuate mama mmoja mmoja. Tunasogeza wazazi upande mmoja wa chandarua, maji kifuani, kisha namkamata jike kwa wavu wa mkono kabla hajashtuka, maana akishtuka anayatema yote na kazi imekwisha. Namgeuza kichwa chini juu ya beseni, kidole gumba kinafungua taya la chini taratibu, na mayai yanamiminika. Ya manjano mabichi ni mapya. Yaliyokolea rangi, kila yai na vidoti viwili vyeusi vya macho, yamekaribia kuanguliwa. Tunayapanga kwa umri, kila kundi na mtungi wake wa maji yanayozunguka. Wakishaanguliwa, chakula chao kwa takriban wiki tatu huwa na homoni, ili karibu wote wawe madume. Dume hukua haraka, na bwawa la madume halijazi watoto. Shikeni hilo neno "karibu", tutalihitaji saa 4.

Saa 3 walikuja wateja wa kawaida. Wa Sengerema siku hizi wanapita daraja la Kigongo–Busisi na hawalalamiki tena kuhusu kivuko. Kuhesabu, kufunga, risiti, kwaheri.

Saa 4 akaingia mzee mmoja kutoka Tanga, kanzu safi, barakashia, na kijana wa kumbebea mabegi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Nataka sato elfu tano, niondoke nao na basi la kesho."

Elfu tano ni oda nzuri, hasa kwa wiki iliyokuwa imepoa. Nikachukua daftari, nikamuuliza maswali tunayomuuliza kila mtu: bwawa liko wapi, maji yanaingia kutoka wapi, yanatoka kuelekea wapi. Akanijibu bila kusita. Mabwawa ni mashamba ya chumvi ya zamani, karibu na mikoko, chini kidogo ya kijito kinachomwaga baharini. Masika kingo hufunikwa na maji. Hana bomba lenye wavu, ana mfereji tu.

Nikaweka kalamu chini. "Baba, hawa siwezi kukupa kwa mabwawa hayo. Masika watatoroka."

Hapo ndipo siku yangu ilipokwama. Hoja yake ya kwanza ndiyo naisikia kwa kila mteja wa pwani, na sauti ilianza kupanda: "Sato ni samaki wa maji baridi! Akitoroka anaingia baharini, bahari inamuua. Tatizo liko wapi?"

Sikumjibu kwa maneno. Nilichota lita 10 za maji ya tangi kwenye beseni, nikapima gramu 50 za chumvi ya jikoni kwenye mizani, nikaikoroga na kutia vifaranga. Wakatulia. Wakaacha kukimbizana na kugonga kingo za beseni. Nikamwambia hivi ndivyo tunavyowafanyia kabla ya safari, kidogo cha chumvi kinawapunguzia mfadhaiko. Bahari ina gramu kama 35 kwa lita. Ukimtupa sato humo ghafla, kweli atakufa. Akizoea polepole, anavumilia hadi karibu nusu ya chumvi ya bahari. Na mdomo wa mto si bahari tupu, ni mchanganyiko, na masika chumvi yake inazidi kupungua. Mafuriko yakimwaga maji matamu ufukweni, samaki anaweza kutoka mto huu akaingia mto wa jirani, pahali ambapo hakuna aliyempeleka.

Wenzangu wasio wa fani huniuliza inawezekanaje. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji humwingia muda wote na figo huyatoa kwa mkojo mwingi. Baharini ni kinyume: maji yanamtoka, inambidi anywe maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Samaki wengi hawawezi kubadilika hivyo. Jamii ya sato wanaweza, wakipewa muda. Ndugu yake mmoja, perege wa Msumbiji, anaishi kabisa kwenye maji ya bahari na anazaa humohumo. Alipelekwa hadi visiwa vya Pasifiki kwa nia njema ya kulisha watu. Kule Nauru aliingia kwenye mabwawa ambamo wenyeji walifuga mwatiko, samaki wa maji ya chumvi, tangu enzi za mababu, akayaharibu. Mzee alishtuka kusikia mwatiko. Kwao Tanga wanamjua na wapo wanaomfuga.

Marekani nako, jimbo la Virginia, walitia kambare wa buluu mitoni miaka ya 1970 ili wavuvi wa starehe wafurahi. Ilidhaniwa angebaki kwenye maji baridi. Leo yuko kwenye mito mingi inayoingia ghuba ya Chesapeake, ameshuka hadi maji ya chumvichumvi, na anakula kaa ambao wavuvi wa pale wanawategemea. Thailand wanahangaika na perege wa Afrika Magharibi mwenye kidevu cheusi, anayeingia mabwawa ya kamba ya pwani. Mwaka 2024 serikali yao ililipa watu kwa kilo wamtoe.

Mzee akanisikiliza, kisha akatoa hoja ya pili, na ilikuwa nzuri: "Si mnatangaza kwamba ni madume matupu? Dume na dume watazaa nini?"

Nikamwambia ni karibu wote, baba. Kwenye elfu tano majike hawakosekani. Na hata wangekuwa madume watupu, dume la sato likitoroka halitafuti jike la sato peke yake. Linazaliana na perege wa kwenu, na watoto wanaozaliwa si huyu wala yule. Watafiti wameshamkuta sato kwenye mabonde ya Pangani, Wami, Ruvu na Rufiji, na amekwisha kuchanganyika na perege wa asili wa huko. Bonde la Pangani lina perege ambaye wanasayansi walimpa jina la Korogwe. Samaki wenye jina la mji wa kwenu si wengi duniani.

"Basi kama yuko tayari," akasema, "elfu tano zangu zitaongeza nini?"

Jua lilikuwa limefika utosini, sijanywa maji tangu chai, na nyuma yangu walisubiri watu wa Magu na watu wa Misungwi. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyopenda kusema na mtu mzima. Nikamwambia mimi nimezaliwa kwenye ziwa hili. Sato tunayemwita wetu aliletwa miaka ya 1950, na sangara akaletwa katika muongo huohuo. Kabla yao bibi zetu walipika ngege na mbiru, perege wa asili wa ziwa hili. Leo ngege unamtafuta kwenye vijiziwa vya pembeni. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa mamia ya aina, na sangara alipofumka miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka kabla hata hazijapewa majina. Sangara ametujengea viwanda na nyumba, na sato ananilipa mshahara, sikatai. Ila hakuna mtu hapa Mwanza anayeweza kumrudisha alikotoka. Kijito chako kama bado hakina sato, baba, kibaki hivyo.

Akanyamaza. Akasema nimemdharau, amesafiri usiku kucha. Nilimwomba radhi kwa sauti yangu, lakini jibu sikulibadilisha. Nikamwandikia mambo mawili kwenye karatasi: amwone afisa uvuvi wa wilaya yake ayakague mabwawa, na aulize kuhusu mwatiko, kwa sababu mabwawa ya chumvi ya zamani yanamfaa huyo kuliko sato. Aliichukua, akaikunja mara nne, akaondoka bila kuaga. Kijana wake ndiye aliyegeuka na kusema asante dada.

Mchana sikumbuki vizuri ulivyokwenda. Nilikula wali dagaa nimesimama. Tukapanga vifaranga kwa ukubwa, maana wakubwa hula wadogo ukizembea. Jenereta ikazimwa, umeme ukarudi, ukakatika, ukarudi. Kuna mwanamke alitaka punguzo, nikampa, sikuwa na nguvu ya kubishana tena.

Jioni tulifunga mzigo wa Tabora: maji theluthi moja ya mfuko, chumvi kidogo, vifaranga ambao hawajalishwa tangu jana ili wasichafue maji, kisha oksijeni mpaka mfuko ukaze, na mpira wa ndani wa baiskeli kufunga shingo. Mikono inakunjamana kwa maji, mgongo unadai. Bajaji ikaupeleka stendi ya Nyegezi.

Giza lilikuwa limeingia bosi alipofungua daftari na kuona mstari wa elfu tano umekatwa. Nikamweleza. Akauliza kama mzee anaweza kununua kwingine. Nikasema anaweza, wapo wanaouza bila kuuliza chochote, na hilo ndilo linaloniumiza. Akakaa kimya, akapiga hesabu ya chakula ambacho hao elfu tano watakula mpaka wapate mteja mwingine, na si kidogo. Kisha akaniambia kesho nichape fomu ya maswali, maji yanatoka kuelekea wapi liwe swali la kwanza, na ibandikwe getini, ili mtu wa pwani ayasome kabla hajalipa nauli ya bodaboda kuja ndani.