Graviti 1.041, na wanga uliobaki kwenye machicha

Jumapili usiku, London

Haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya kimea, imegoma kwenye 1.041 wakati hesabu zangu zilisema 1.050. Kwa mtu asiyepika bia nyumbani pengo hilo ni kama hakuna. Kwangu ni kimea cha pesa nilichokiloweka, nikakisuuza, kisha sehemu yake nzuri nikaelekea kuitupa pamoja na machicha. Nimekaa jikoni jioni nzima nikitafuta ilikopotelea, na naandika sasa kabla sijasahau mpangilio wa mambo.

Niwaeleze wasiojua. Graviti ya mwanzo ni uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na maji matupu, kabla hujatia hamira. Maji matupu ni 1.000, na kinachoongeza uzito ni sukari iliyoyeyuka, ileile ambayo hamira itaila na kuacha kilevi. Nchi hii iliwahi kuutoza kodi uzito huo wenyewe: tangu 1880, wakati wa Gladstone, serikali ilihesabu ushuru wa bia kwa graviti ya mwanzo, na ni mwaka 1993 tu ndipo ilipohamia kwenye kiwango cha kilevi. Kwa zaidi ya karne nzima afisa wa ushuru na mpika bia walikuwa wakiangalia namba moja.

Lakini namba hiyo peke yake haikuambii kilichoharibika. Graviti ikiwa chini, ama sukari ni pungufu, ama maji yamezidi, ama kipimo kinadanganya. Ukichanganya hayo matatu utahangaika usiku kucha.

Nilianza na kipimo. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, na ukipima maji ya kimea yakiwa na nyuzi 60 zitakuibia pointi 15 hivi (pointi moja ni 0.001, yaani 1.035 ni pointi 35). Sampuli yangu niliipoza kwanza kwenye bakuli la barafu. Haidromita nikaitumbukiza kwenye maji ya bomba yaliyopoa, ikasoma 1.000 bila wasiwasi. Nilikuwa nimekoroga sufuria vizuri pia, maana maji mazito ya kimea hupenda kukaa chini na mepesi juu, na ukichota juu unapata habari za uongo.

Kisha maji. Hapa kuna hesabu ambayo natamani kila anayeanza angefundishwa siku ya kwanza: zidisha pointi kwa lita. Kabla ya kuchemsha nilikuwa na lita 26 za 1.035, yaani 35 mara 26, sawa na 910. Baada ya kuchemsha zimebaki lita 22 za 1.041, sawa na 902. Jumla ni ileile, tofauti ndogo ni ya kusoma tu, kwa sababu maji hupaa na mvuke lakini sukari haipai. Na lita 22 ndizo nilizokusudia. Kwa hiyo maji hayana kosa.

Ikabaki sukari yenyewe. Kilo moja ya kimea cheupe cha shayiri, ukiikamua yote iliyomo, hutoa pointi 300 hivi katika lita moja. Kilo zangu 5 ni 1,500. Nimepata 902, asilimia 60, na sufuria hii imezoea kunipa 75. Pointi zaidi ya 200 zimebaki mahali.

Watu wengi wa huku wangekimbilia kulaumu maji ya London, na wana sababu. Ni magumu, yamejaa chokaa, na chokaa hiyo hupandisha pH ya kimea kinacholoweka (yaani hupunguza uchachu wake) hadi vimeng'enya, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vifanye kazi kwa uvivu, hasa kwenye bia nyeupe. Maji yangu niliyatibu kwa asidi kidogo na pH ilikaa 5.4. Joto lilikuwa nyuzi 66 kwa saa nzima. Hakuna la kulaumu.

Ndipo nikarudi kwenye ndoo ya machicha. Nilichota kiganja nikayatandaza kwenye sahani nyeupe chini ya taa. Maganda mengi yalikuwa matupu, mepesi, kama inavyotakiwa. Katikati yake kulikuwa na punje nzima nzima, nono, zimevimba kwa maji lakini hazijapasuka. Nilibana moja kwa kucha ikatoa ute mweupe. Nikadondoshea aidini tone moja, nao ukageuka buluu nzito inayokaribia weusi. Huo ni wanga ambao haukuguswa. Vimeng'enya haviwezi kula kilichofungiwa ndani ya ganda zima.

Duka ninakonunua hukisaga kimea wenyewe, na mfuko huu ni mpya. Naona roli za mashine yao zimeachana mno.

Nilimpigia shangazi yangu aliye Rombo, Kilimanjaro, ambaye ametengeneza mbege, pombe ya ndizi na wimbi, maisha yake yote. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza. Hakuniuliza pH wala joto. "Mwanangu, kimea mlikisaga vipi?" Kwake kimea cha wimbi husagwa kikawa unga kabisa, na hushangaa sisi kuacha punje zikiwa vipande. Nilimfafanulia kwamba maganda ya shayiri ndiyo chujio letu. Ukiyasaga unga, sufuria inaziba na hakuna kinachoshuka. Alikubali, ila akasisitiza kwamba hata chujio lisiwe kisingizio cha kuacha punje nzima. Ana haki.

Kuhusu bia yenyewe, nilikuwa na njia za kuipandisha. Kuendelea kuchemsha hadi lita 18 kungenipa 1.050, kwa gharama ya lita 4 na saa nyingine ya gesi. Nusu kilo ya kimea cha unga kikavu, yaani maji ya kimea yaliyokaushwa yakawa unga, ingefika hapohapo. Sukari ya mezani ingepandisha namba pia, lakini huongeza kilevi bila mwili, na bia huwa nyembamba mdomoni. Siipendi kabisa dawa hiyo. Nimeamua kuiacha ilivyo. Bahati ni kwamba nilipima kabla ya kuchemsha, nikaliona pengo mapema na kupunguza hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, karibu moja ya tano. Hopsi za 1.050 kwenye bia ya 1.041 zingeikaba koo. Hamira ikiishusha hadi 1.010 tutapata kilevi cha asilimia 4 hivi, bia ya kawaida kabisa ya baa za Uingereza, na majirani hawatalalamika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu wa kupima mapema, sampuli ikiwa imepoa. Pengo likionekana kabla ya kuchemsha bado una uwezo wa kuamua.

Mfuko una kilo 20 zilizobaki. Kuna jamaa mtaa wa pili ana mashine ya mkono ya roli mbili. Nitaomba nikipitishe kimea tena, nafasi ya roli ikiwa milimita 1. Nitapika mapishi yaleyale, maji yaleyale, nyuzi zilezile 66, nisibadilishe kingine chochote, ili graviti ikipanda nijue ni kusaga ndiko kulikoipandisha.